Chovya Bila Pumziko: Umbo la Methali Mbele ya Mla-Sisimizi

Chovya chovya humaliza buyu la asali. Mizani ni 14: 4 za kuchovya, 4 za kumaliza, 6 za buyu. Kipande cha kwanza kinagonga mara mbili kwa pigo lile lile. Cha pili ni kitenzi kimoja tu. Cha tatu ndicho kilichopewa nafasi kubwa kuliko vyote, na humo irabu zinafunguka na kufuatana, la-a-sa-li, hata ulimi wa msemaji unachelewa pale pale penye utamu. Methali inakwenda mbio ikichovya, kisha inakawia kwenye asali.

Mwanafunzi wa sekondari wa Kisauni, Mombasa, awe wa Mlaleo au wa Utange, akiulizwa kuhusu umbo la methali hii atajibu kwa yakini: kuna takriri, na takriri imetumika kusisitiza. Jibu hilo litapata alama. Si la uongo. Tatizo ni kwamba halijasema kitu. Kila takriri husisitiza, na kama kazi yake ingekuwa hiyo tu, basi neno lolote lililorudiwa lingefaa mahali pa lolote. Swali la mhakiki ni jingine: neno limerudiwa vipi, limewekewa nini katikati, limeelekezwa kwenye nomino gani, na nani ameachwa nje ya sentensi?

Ili kulijibu, nitamwita shahidi ambaye maisha yake yote ni kuchovya. Anaishi mbali na Kisauni, katika mbuga na misitu ya Amerika ya Kati na Kusini, kutoka Honduras hadi kaskazini mwa Argentina. Ni mla-sisimizi mkubwa, ambaye mwanasayansi Linnaeus alimwandika katika orodha yake ya wanyama mwaka 1758, na leo wanasayansi wanamwita Myrmecophaga tridactyla. Huku kwetu kazi hiyo hiyo inafanywa na muhanga katika nyika za Tsavo na kwingineko, na pia kakakuona. Wote watatu hula kwa kutia ulimi ndani ya nyumba ya wadudu na kuutoa. Kama methali ingesema kweli tupu, wanyama hawa wangekuwa wamekwisha kumaliza kila kichuguu walichokifikia. Hawajamaliza. Basi ama methali imetia chumvi, ama umbo lake lina jambo ambalo hatujalisikia sawasawa.

Tuanze na kalibu. Methali hii ina ndugu wawili wanaojulikana na kila mtu: bandu bandu huisha gogo, na haba na haba hujaza kibaba. Zote tatu zimemiminwa katika kalibu moja yenye sehemu tatu. Kwanza linakuja neno dogo lililorudiwa. Pili kitenzi cha hu-. Tatu nomino inayobeba matokeo. Yaliyomo yanatofautiana: moja inamaliza kitamu, moja inamaliza kigumu, moja inajaza kilicho kitupu. Kalibu ni ile ile.

Ndani ya kalibu hiyo kuna ufundi wa sauti ambao vitabu vya shule huupita haraka. Sikiliza silabi ba katika haba na haba hujaza kibaba. Inasikika mara nne, mbili mwanzoni na mbili mwishoni, na zile mbili za mwisho zimo ndani ya jina la chombo chenyewe. Kibaba kimejazwa kwa sauti zile zile zilizokuwa zikidondoka tangu neno la kwanza. Sikiliza pia gogo. Jina hilo ni silabi moja iliyotamkwa mara mbili. Kabla hatujafunga kinywa, gogo limekwisha kupasuliwa vipande viwili vinavyolingana. Takriri iliyoanza kwenye bandu bandu imeingia hadi ndani ya kitu kinachobanduliwa. Katika buyu la asali fundi hakuifuata njia hiyo. Hakutafuta nomino yenye silabi pacha, aliurefusha mwisho. Alijua kwamba mchovyaji hatishwi na ugumu wa kazi, bali anavutwa na ladha, na akaipa ladha nafasi ya kusikika. Huo ndio udhaifu wa mchovyaji, nao umewekwa ndani ya mizani.

Sehemu ya pili ya kalibu ni hu-. Kiambishi hiki hakina nafsi wala wakati. Hakisemi nani, hakisemi jana wala kesho. Kinasema tu kwamba ndivyo ilivyo. Wapo wasemao yamaliza badala ya humaliza, na hapo kiambishi cha ngeli kinarudi. Lakini hata kikirudi hakimrejelei mtu. Kinarejelea kule kuchovya kwenyewe, kana kwamba kitendo kimejitenga na mkono uliokitenda na sasa kinajiendea peke yake. Kwa njia zote mbili mchovyaji ametoweka.

Mtu anaweza kudhani kutoweka huko ni kawaida ya methali zote. Sivyo. Kiswahili kikitaka kumtaja mtenda, kinamtaja tena mapema. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Hapa neno la kwanza ni mtu, na neno la mwisho ni mtu yule yule. Sentensi inatoka kwa mchimbaji, inapita kisimani, inarudi kwa mchimbaji. Umbo lake ni duara, na duara hilo ndiyo hukumu: hakuna mtu mwingine ndani ya methali ambaye angeweza kutumbukia. Linganisha na muhanga, mchimbaji hodari kuliko wote katika nyika zetu. Huchimba shimo, hulala humo mchana, kisha huliacha na kuchimba jingine. Shimo lililoachwa huingiwa na ngiri, na nungunungu, na fisi, na hata kakakuona hulala humo. Wanaoingia ni wengine, na wanaingia kwa faida yao. Methali haikosei kwa kutowataja. Umbo la duara halina mlango wa kuwapitisha. Kila kalibu huchagua wa kumfungia ndani na wa kumwacha nje. Mchimba kisima amefungiwa ndani. Mchovya asali ameachwa nje. Kwa kuwa lugha ina uwezo wa yote mawili, kumwacha nje ni uamuzi wa fundi, na uamuzi huo unadai kuelezwa.

Sehemu ya tatu ni nomino ya mwisho. Ziweke pamoja: buyu, gogo, kibaba. Buyu ni ganda lililokwisha kutolewa nyama na mbegu. Gogo ni mti uliokwisha kuanguka. Kibaba ni chombo cha kupimia nafaka, vinne vikitimia ni pishi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokua, kinachojitibu wala kinachojitetea. Gogo halioteshi ganda jipya baada ya shoka. Buyu halitengenezi asali. Lilitiwa asali na mtu, nalo linakaa likingoja. Kalibu hii imejichagulia vitu visivyo hai, vyenye kiasi kinachojulikana na mdomo ulio wazi.

Sasa tumlete shahidi. Mla-sisimizi mkubwa ana urefu wa karibu mita 2 kutoka ncha ya pua hadi ncha ya mkia, na anaweza kupita kilo 40. Kichwa chake ni chembamba na kirefu, kinywa ni tundu dogo, na ndani yake hamna jino hata moja. Macho yake hayaoni vizuri. Pua ndiyo inayomwongoza. Miguu ya mbele ina kucha ndefu zinazoweza kupasua udongo mgumu, na kwa kuwa anazihitaji zikiwa kali, hutembea amezikunja, uzito wake ukiwa juu ya vifundo. Akifika penye wadudu hufanya tundu dogo, kisha hutia ulimi. Ulimi huo hufika sentimita 60, umepakwa mate mazito yanayonata, na huingia na kutoka hadi mara 150 kwa dakika. Kwa siku moja anaweza kula wadudu 30,000. Kama kuna kiumbe aliyeumbwa kutokana na maneno chovya chovya, ni huyu.

Ila katika nyumba moja ya wadudu hukaa kwa muda wa dakika moja hivi, mara nyingi hata chini ya hapo, kisha huenda zake. Si kwa adabu wala kwa kinaa. Kichuguu kinamfukuza. Ukuta ukibomolewa, mchwa watenda kazi, walio laini na wenye kulika, hukimbilia ndani, na askari hujitokeza mahali pao. Askari wa mchwa wana taya za kuuma, au, kwa baadhi ya aina, hurusha majimaji yenye gundi na sumu. Sisimizi nao huuma na kumwaga tindikali. Kila sekunde inayopita chakula kinazidi kuwa kichungu na maumivu yanazidi kuwa mengi. Mnyama anaondoka wakati faida bado iko juu ya hasara. Nyuma yake wadudu wanaziba tundu kwa udongo, malkia anaendelea kutaga, na siku nyingine mlaji anaweza kurudi akakuta nyumba imejaa tena. Muhanga hufanya vivyo hivyo usiku, akitembea kilomita kadhaa kwa mwendo wa kupindapinda, pua ikiwa chini, akichimba kidogo hapa na kidogo pale. Kakakuona naye huchagua aina fulani za sisimizi na mchwa, huparura, hula kwa muda mfupi, huondoka.

Tukiyaandika maisha yao kama ubeti, hatutaandika chovya chovya. Tutaandika chovya, ondoka, chovya, ondoka. Ni takriri yenye pumziko. Na mahali pa buyu tutaandika kichuguu, nyumba iliyo hai, yenye askari, yenye uwezo wa kujijaza. Kwa hesabu hii ya kwanza methali inaonekana imeshindwa mara mbili: imefuta pumziko lililo kati ya mchovyo na mchovyo, na imejichagulia chombo kisichoweza kumpinga mchovyaji.

Hapa mhakiki mwenye haraka angefunga kesi. Lakini wanyama hawa wana ushahidi mwingine, unaohusu jinsi umbo linavyozaliwa. Mla-sisimizi, muhanga na kakakuona wanafanana kwa ulimi, kwa pua ndefu na kwa kucha za kuchimbia, hata mtu angedhani ni wa ukoo mmoja. Sio. Mla-sisimizi ni jamaa wa wanyama wa Amerika kama vile armadilo. Muhanga amebaki peke yake katika oda yake, na jamaa zake wa mbali ni tembo na pimbi. Kakakuona, ukimfuatilia nasaba, yuko karibu zaidi na simba na mbwa. Koo tatu zisizojuana zimefika kwenye umbo moja kwa sababu zilifanya kazi moja.

Zilifikaje? Kwa sehemu kubwa, kwa kupoteza. Mla-sisimizi na kakakuona wamepoteza meno yote. Muhanga amebakiwa na meno ya nyuma tu, yasiyo na enameli. Kila kisichohitajika katika kazi ya kuchovya kimeachwa njiani. Tuna methali isemayo ulimi unauma kuliko meno, ambayo kwa wanadamu ni sitiari ya maneno makali. Kwa viumbe hawa sitiari inageuka kuwa maelezo ya mwili: ulimi umebaki na kazi yote, meno yameondoka. Na umbo la methali hiyo linakubaliana nao, kwa kuwa linalinganisha viungo viwili vya kinywa kimoja na kukipa ushindi kile kisicho na mfupa.

Methali nazo zimepatikana kwa njia hiyo. Haba, bandu na chovya hazina asili moja: la kwanza linataja uchache, la pili linaashiria kipande kinachobanduka, la tatu ni kitenzi. Zimefika kwenye kalibu moja kwa sababu kazi ni moja: kubebwa kichwani bila karatasi na kurushwa katikati ya mazungumzo bila kuyavunja. Kazi hiyo imeyang'oa meno yote yasiyohitajika. Nafsi imeondoka, wakati umeondoka, sababu imeondoka, viunganishi karibu vyote vimeondoka. Kilichobaki ni chembamba na kinafika mbali. Gharama ya wembamba huo inajulikana pia. Mla-sisimizi hawezi kula nyama wala kutafuna majani. Amejifunga kwa wadudu wadogo. Methali ya kalibu hii nayo haiwezi kulisema kila jambo. Inauma mahali penye chombo chenye kiasi, na mahali pengine inateleza.

Kisauni ina mahali ambapo inauma barabara. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kuzalisha mwaka 1954, na malighafi yake ilikuwa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa pale pale. Mawe hayo ni mabaki ya viumbe wa bahari wa zamani za kale, na yakishachimbwa hayaoti tena kwa muda wowote ambao binadamu anaweza kuungoja. Huko hakuna askari wa kumzuia mchimbaji wala mchwa wa kuziba tundu. Machimbo yaliachwa kama uwanja mweupe wa mawe makali, wenye chumvi na vidimbwi vya maji. Chovya chovya ilifika mwisho wake kwa herufi zote, na buyu likaonekana chini.

Kisha, mwaka 1971, Mswisi René Haller alianza kupanda miti katika uwanja huo. Alijaribu aina 26, na zilizostahimili zilikuwa 3 tu. Iliyotia fora ni mvinje, ule ule unaoonekana ukiyumba kwenye fukwe zetu. Mivinje ikamea, ikaangusha majani yake membamba, na majani hayakuoza. Yalilala juu ya mawe makavu kama yalivyoanguka. Ndipo wakaletwa jongoo wenye miguu myekundu. Jongoo wakala majani, wakatoa mavi, na mavi yakawa mwanzo wa udongo. Mahali hapo leo panaitwa Haller Park, na watoto wa shule hupelekwa kutazama twiga na viboko. Wangepelekwa pia kusomeshwa methali. Kwenye ardhi moja, kalibu moja imetimia kwa pande zake mbili: mawe yamekwisha kwa chovya chovya, na udongo umerudi kwa haba na haba.

Kwa nini nasema haba na haba, na si haba haba? Hapo ndipo penye jibu la swali letu. Katika ndugu hawa watatu, ile inayojaza ina kiunganishi kati ya neno na pacha wake. Zile mbili zinazomaliza hazina. Haba, na, haba: baada ya uchache wa kwanza kuna pumzi, na silabi moja inayotenganisha, kisha unakuja uchache wa pili. Anayeweka akiba anaweza kungoja. Jongoo aliyekula leo na asile kesho hajaharibu kitu. Udongo wa leo utakuwepo. Mama wa chama anayetoa mchango wake wiki hii na kungoja wiki ijayo bado anakijaza kibaba. Kujaza kunavumilia pumziko. Kumaliza hakuvumilii. Ukimwachia mchovyaji wa asali pumziko la kutosha, mwenye buyu atarudi na kulijaza, au nyuki watatengeneza asali nyingine. Ukimwachia mkataji pumziko la miaka, mti mwingine utakuwa umesimama. Ndiyo maana bandu bandu na chovya chovya zimegandana bila hata silabi moja katikati.

Wapo wasemao kidogo kidogo hujaza kibaba, na hapo kiunganishi hakipo wakati kazi ni ya kujaza. Sauti hiyo ipo na si kosa. Lakini isikilize: ile ba iliyokuwa ikidondoka imetoweka, kibaba kimejazwa na sauti ya kigeni kwake, na methali imebaki na maana bila muziki. Ni maelezo sahihi ya akiba. Ile yenye na ndiyo iliyofinyangwa.

Basi tuhuma niliyoitoa mwanzoni inageuka. Nilisema methali imefuta pumziko. Ukweli ni kwamba kufutwa kwa pumziko ndiyo sharti la methali, na sharti hilo limetiwa kwenye mdundo badala ya kutiwa kwenye maneno. Methali haisemi kila mchovyaji atamaliza. Inamsema yule ambaye kati ya mchovyo wake na mchovyo wake hakuna kitu. Mla-sisimizi hayumo katika hukumu hiyo, kwa sababu ana dakika yake moja na safari yake ndefu. Wala kutokuwepo kwa mtenda si uzembe. Asiyepumzika hahitaji jina: awe mtoto jikoni, awe kiwanda, awe soko la nchi za mbali, mdundo ni mmoja na mwisho ni mmoja.

Na nomino iliyokufa? Nayo inaeleweka sasa. Kitu kilicho hai kinaweza kugeuzwa buyu, ikiwa kasi ya kuchovya itaipita kasi yake ya kujijaza. Hapo shahidi wetu anapanda kizimbani kwa mara ya pili, safari hii si kama mchovyaji bali kama asali. Mla-sisimizi jike hubeba mimba kwa karibu miezi sita na kuzaa mtoto mmoja, kisha humbeba mgongoni kwa miezi mingi, milia ya mtoto ikiangukia kwenye mlia wa mama hata adui asimtambue. Muhanga hubeba mimba ya miezi saba hivi, naye kwa kawaida huzaa mmoja. Kakakuona wa Afrika vivyo hivyo, mmoja. Kichuguu kina malkia anayetaga bila kuhesabika, kwa hiyo kinastahimili kuchovywa. Walaji wake hawana stahamala hiyo. Katika mbuga za Brazil mla-sisimizi anagongwa na magari kwenye barabara kuu usiku, anaungua katika moto wa nyika, na makao yake yanalimwa. Kakakuona anawindwa kwa ajili ya magamba na nyama, hata mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ukapiga marufuku biashara ya kimataifa ya aina zote 8, marufuku iliyoanza kazi mwaka 2017. Kenya ina aina 3 kati ya hizo. Mmoja leo kwenye gunia, mmoja kesho barabarani: kila tukio ni dogo, halitikisi gazeti. Lakini mtoto mmoja kwa mimba moja ndiyo kasi yote ya kujijaza waliyo nayo, na takriri ya gunia na gurudumu haina pumziko la urefu huo.

Kuna umbo jingine la methali hii ambalo kamusi haziwezi kulionyesha, nalo ni namna inavyosemwa. William Taylor, mmishonari wa Church Missionary Society (CMS) aliyeishi Mombasa, alichapisha mkusanyo wake wa methali za Waswahili mwaka 1891, wakati ambapo chama chake kilikuwa na kijiji cha Frere Town hapa hapa Kisauni kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Mikusanyo ya aina hiyo imetuhifadhia mengi, na shukrani zake hazina shaka. Lakini orodha huipa kila methali mwanzo, mwisho na nukta. Barazani haiko hivyo. Bibi akimwona mjukuu amerudi kwenye kopo la sukari kwa mara ya tatu, hasemi sentensi nzima. Atasema, "Chovya chovya, mwanangu..." na kunyamaza. Mjukuu ndiye atakayeimalizia moyoni.

Nusu iliyotamkwa ni kitendo. Nusu iliyoachwa ni hukumu. Kwa kukata methali pale kwenye mshono kati ya mizani 8 na 6 za mwisho, au hata mapema, baada ya zile 4 za kwanza, bibi ameondoa kumaliza na ameondoa buyu. Ameyarudisha katika hali ya jambo ambalo bado halijatokea. Pia amemrudisha mtenda, kwa kuwa aliyeitwa mwanangu anajua ni nani anayechovya. Na muhimu kuliko yote, amelitia pumziko ambalo methali yenyewe inalikataa. Ukimya wake unaingia pale ambapo mchovyo wa tatu ungefuatwa na wa nne. Onyo halikai ndani ya maneno tu. Onyo ni ule mkatizo. Methali iliyoandikwa inaeleza sheria, na methali iliyokatwa inaizuia sheria isitimie.

Tathmini yangu, basi, ni kwamba kalibu hii ni kamilifu kwa kazi yake na ni hatari nje ya kazi hiyo. Ni kamilifu kwa kuwa imeweka sharti lake mahali pagumu kusahaulika, yaani katika pigo la silabi. Ni hatari kwa kuwa msikilizaji anayelisikia pigo kama pambo tu atalitumia kwa kila anayekula kidogo kidogo, na atamhukumu mvuvi wa ndoano moja pamoja na wavu unaokokota kila kilichomo. Mizani haiwaweki pamoja hao wawili. Mmoja ana na katikati, mwingine hana.

Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili atakayesahihisha jibu lisemalo kwamba takriri imetumika kusisitiza, alipe nusu alama. Nusu ya pili aihifadhi kwa mwanafunzi atakayeeleza ni kitu gani kilichoachwa kati ya chovya ya kwanza na ya pili, na kwa nini haba hazikuachwa hivyo.